Bibi Yako Hakuchelewa

Sumbawanga, Jumamosi alasiri

Mwanangu Yustina,

Wewe na baba yako mmekwenda Kaengesa kumuaga shangazi, na nyumba imekuwa na ukimya ambao bado sijauzoea. Nilikusudia kutumia saa hizi kukupangia begi. Nimelifungua nikakuta umeshalipanga mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningelipanga mimi, hata sweta umeliweka juu kwa sababu unaijua baridi ya kule Laela basi linapopita asubuhi. Nikalifunga, nikakaa mezani, nikachukua karatasi.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa wala kuchagua marafiki. Hayo nimekuimbia miaka kumi na tisa, na kama hayakuingia mpaka leo, barua haitayaingiza. Nina jambo moja tu, linamhusu bibi yako, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Jana ulipokuwa unasonga ugali nilikaa nyuma yako kwenye kigoda, nikafungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nikakuuliza kama mboga ina chumvi. Ulidhani mama yako ameanza kuzeeka.

Bibi yako hakuchelewa kwa daktari wa macho. Umekua ukiamini kwamba alichelewa, na yeye mwenyewe aliamini hivyo mpaka tulipomzika Kwaresma iliyopita. Alifika siku ile ile aliyoandikiwa. Aliyeiandika siku hiyo ni mimi, niliiandika vibaya, na nilipogundua nikanyamaza. Kesho unakwenda Mbeya kusomea kutengeneza programu za kompyuta, kazi ile ile niliyoifanyia kosa, na sitaki uondoke huku ukimbebesha marehemu mzigo ambao ni wangu. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Yaliyobaki ni kukueleza ilikuwaje, kwa sababu una haki ya kujua.

Mimi nilianza maisha kama karani mpiga chapa katika shirika lililokuwa likinunua mahindi ya wakulima wa Ufipa. Nilikuwa na majivuno, sikufichi. Ukishika barua niliyoichapa mimi uliona pambizo zimenyooka kama matuta ya ngano, na meneja alikuwa akiwaonyesha wageni. Kisha biashara ikafunguliwa, watu wenye malori wakaanza kununua mahindi mlangoni kwa mkulima, na shirika likabaki na maghala matupu na makarani kibao. Siku moja meneja aliniita akanipa orodha ya watu wa kupunguzwa, niichape. Jina langu lilikuwa la kumi na nne. Nililichapa kama mengine, nikahakikisha safu zimenyooka, nikaenda kuibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo.

Miaka miwili iliyofuata sipendi kuikumbuka. Baba yako alishuka bondeni, Muze, kujaribu biashara ya samaki, na kila wiki hatukujua kama atarudi na samaki au na homa. Mimi niliuza maharage pale sokoni na kuwaandikia watu barua za maombi ya kazi, kazi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezikosa. Kwa hiyo Sista Mkuu wa hospitali ya misheni aliponiita akasema wameletewa kompyuta kutoka ng'ambo na hakuna mtu wa kuigusa, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilitoka mle ofisini nikiapa moyoni kwamba jina langu halitaonekana tena kwenye orodha ya ubaoni. Ukikumbuka kiapo hicho, yanayofuata utayaelewa, ingawa kuyaelewa si kuyahalalisha.

Walinipeleka Mbeya wiki tatu kujifunza. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye haraka, na alitufundisha jambo ambalo nadhani utalikuta huko siku za mwanzo. Kompyuta haihifadhi tarehe kama tunavyoitamka sisi. Ndani yake ni hesabu ya siku tu, namba ndefu isiyo na sura. Ukitaka ionekane kwenye kioo au kwenye karatasi, ndipo unaiambia iionyeshe namna gani: itangulie siku au utangulie mwezi, mwezi uwe jina au tarakimu, jina la siku liwepo au lisiwepo. Usipoiambia, inaonyesha kwa desturi ya walioitengeneza, na hao kwao huanza na mwezi. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu, unauandika juu kabisa ya programu, na tarehe zote zinageuka kuwa za kwetu. Niliuandika mstari huo kwenye daftari nikaupigia wino mara mbili.

Nikarudi nikiwa mtu mwingine. Wagonjwa walikuwa wakinyata kupita dirisha langu wakiitazama ile mashine kama wanavyotazama altare, na hapo hospitali ukazuka msemo kwamba kompyuta haikosei. Sikuukanusha. Ulinifaa.

Sasa Mama Skola, yule nesi wa macho aliyekuwa akikupa peremende, alikuwa na namna yake ya kuwaandikia watu siku ya kurudi. Aliandika kwa mkono, kwenye karatasi yoyote: "Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka." "Siku mbili kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia yenu." "Kesho yake baada ya Saba Saba." Katekista akimsomea mgonjwa maneno hayo mara moja, mgonjwa hakusahau tena, wala hakuhitaji kalenda, maana kalenda alikuwa nayo kichwani. Mimi nilimcheka. Nilimwambia hii ni hospitali, siyo jumuiya ndogondogo. Naye alinijibu kwa upole kwamba basi anaomba kompyuta yangu iwe inaweka angalau jina la siku na jina la mwezi. Nikamwahidi.

Daktari wa macho alikuwa akija mara moja kwa mwaka, wiki moja tu, na mwaka ule alipangiwa kuanza Jumatatu, siku inayofuata Saba Saba, hadi Ijumaa. Mwezi wa tano Mama Skola alizunguka vijijini kupima macho, akafika hadi bondeni na hadi Mwimbi kwa bibi yako. Alirudi na majina arobaini, manane kwa kila siku. La mama yangu lilikuwa la Ijumaa. Alikuwa na presha ya macho, ugonjwa unaokula kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Kupasuliwa kusingemrudishia alichokwisha kupoteza, kungezuia kilichobaki kisiondoke. Na kilichobaki hakikuwa kidogo, Yustina. Alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano, na ukimpa ungo wa maharage hakuna jiwe lililompita.

Nikatengeneza programu mpya ya kuchapa vyeti vya miadi. Mwanzoni nilitimiza ahadi, nikaandika majina ya miezi yote kumi na miwili kwa Kiswahili na ya siku zote saba. Lakini vyeti vilikuwa vinne kwenye karatasi moja, vyembamba, na majina hayalingani urefu. Jumatano ilikuwa inavuka mstari, Ijumaa inaacha pengo, Septemba ingevunja ukingo kabisa. Vilionekana vimechakaa hata kabla ya kushikwa. Mkono wangu wa mpiga chapa haukuvumilia. Nikaondoa majina yote nikaweka tarakimu, mbili na mbili, na vyeti vikanyooka.

Ule mstari wa kugeuza tarehe ulikuwa kwenye programu ya zamani. Kwenye mpya nilisahau kuuandika. Nilijaribu kuchapa cheti kimoja kwa tarehe ya siku hiyo, na siku hiyo ilikuwa tarehe sita mwezi wa sita. Ikatoka sita na sita. Nikaona ni sawa, nikachapa arobaini. Kama nilivisoma? Nilivitazama. Nilikuwa naangalia kama vimenyooka.

Kwa hiyo waliopangiwa tarehe nane Julai waliandikiwa 07/08, na waliopangiwa tisa wakaandikiwa 07/09, hadi wale wa Ijumaa, tarehe kumi na mbili, waliopata 07/12. Makatekista wakavibeba kwenye baiskeli zao, wakawasomea watu kama yeyote wa kwetu angesoma. Saba Agosti. Saba Septemba. Na bibi yako, saba Desemba.

Nikushauri la kazi kidogo, kwa kuwa nimefika hapo. Ukitengeneza kitu kinachoonyesha tarehe, usijaribu kwa tarehe ya siku hiyo kwa sababu tu iko karibu. Jaribu kwa Krismasi, ishirini na tano, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano na kosa litapiga kelele lenyewe. Na umfikirie atakayesoma, yuko wapi na nani atamsomea. Mama Skola alilijua hilo bila kufundishwa wiki tatu Mbeya. Nami nakuambia haya kama fundi mwenzako, siyo kama mwalimu.

Jumatatu ile walikuja watu wawili. Jumanne mmoja. Wote walikuwa wa mjini, waliosikia tangazo la padre kanisani. Daktari alikuwa amekaa na vifaa vyake vimechemshwa, anaangalia mlango. Sista alizunguka akiuliza vipi, na ile orodha ya daktari niliyoichapa kwa programu ya zamani ilikuwa sahihi kabisa, siku kwanza mwezi baadaye, kwa hiyo kila aliyeiangalia aliona hospitali haina kosa.

Jumatano asubuhi mzee mmoja wa hapa mjini alikuja dirishani kwangu na cheti. Alisema padre ametangaza wiki hii, lakini cheti chake kinasema saba Novemba, sasa afuate kipi. Nilikichukua. Kilikuwa 07/11. Nikamwambia, "Ni kesho, baba, njoo kesho," nikakiweka cheti mfukoni mwa koti. Nilikuwa nimeelewa yote kwa mara moja, watu wote thelathini na kitu walioko majumbani wakingoja siku ambazo daktari atakuwa kwao ng'ambo.

Bado kulikuwa na siku tatu. Gari la hospitali lilikuwepo uani. Redio ya misheni ilikuwepo, parokia zote zingesikia ndani ya saa moja. Kilichotakiwa ni mimi kutembea hatua thelathini hadi ofisini kwa Sista.

Nilikwenda. Nilifika mlangoni, nikamkuta na daktari, na daktari anasema kwa kupitia Mama Skola kwamba anawaelewa, watu wa huku bado wanaogopa kisu. Sista alionekana ameaibika kwa niaba yetu sote. Aliponiona aliniuliza swali moja tu.

"Vile vyeti vilifika?"

"Vilifika vyote, Sista," nikasema.

Ilikuwa kweli. Vilikuwa vimefika vyote. Nikageuka nikarudi kwenye mashine yangu. Nilikuwa naiona orodha ya ubaoni, jina la kumi na nne, na nilikuwa nakuona wewe na sare yako iliyopasuka kwapa.

Kuhusu mama yangu nilijidanganya namna yake. Alhamisi nilikwenda stendi kuuliza lori la Mwimbi. Waliniambia hakuna mpaka siku ya mnada. Nikashukuru na kurudi. Ningeweza kumwomba dereva wa hospitali, lakini angeniuliza kwa nini mama yako tu na siyo wengine. Hapo ndipo palipokuwa na shida yote: nisingeweza kumwokoa mama yangu bila kuwataja wale wengine, na nisingeweza kuwataja bila kujitaja. Ijumaa jioni daktari alifunga masanduku yake akaondoka.

Unaweza kusema hapo ndipo lilipoishia kosa. Laiti lingeishia hapo. Tarehe saba Agosti walikuja wa kwanza. Walikaa kwenye benchi tangu alfajiri, na ndugu zao na vifurushi vya unga na sufuria, wamenawa nyuso. Mimi ndiye niliyekuwa napokea vyeti pale mapokezi. Mmoja wa wale makatekista alikuwa amewasindikiza, mtu wa makamo mwenye adabu. Nilimwambia wamechelewa, daktari alikuja mwezi uliopita. Akanionyesha cheti. Nikamwambia kompyuta huandika mwezi kwanza, na kwamba yeye ndiye aliyewasomea kinyume. Alikitazama kile cheti muda mrefu. Kisha aliwageukia watu wake, akaanza kuwaomba radhi kwa Kifipa, mmoja mmoja. Nilikusanya vyeti vyote nikavichoma nyuma ya jiko la hospitali.

Tarehe saba Septemba walikuja wengine. Kati yao alikuwamo mama mmoja wa Kisukuma kutoka bondeni, mke wa mfugaji, amevaa shanga zake zote kama anakwenda arusini. Oktoba wengine. Novemba wengine. Nilikuwa naanza kuumwa kichwa kila mwezi ukiingia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ikawa na vituo, na katika kila kituo kulikuwa na benchi na watu walionawa nyuso.

Wenye mtoto wa jicho walirudi mwaka uliofuata, wakapasuliwa, wakaona. Namshukuru Mungu kwa hao. Wenye presha ya macho hawakuwa na mwaka wa kungoja. Yule mama wa Kisukuma nilimwona sokoni mwaka juzi akiongozwa kwa fimbo, wewe ulikuwa pamoja nami, ukaniuliza kwa nini tunavuka barabara wakati nyanya ziko upande huu.

Na usidhani nilimsahau mama yangu katika miezi ile mitano. Ningeweza kumfuata Agosti nikampeleka hospitali ya Mbeya. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Kumfuata kulikuwa na maana ya kumweleza, na kumweleza nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa yeye kupofuka, kwa sababu upofu bado sikuwa nimeuona kwa macho na aibu nilikuwa nimeshaionja. Nakwambia kama ilivyo. Ningependa kukuandikia sababu nzuri zaidi lakini sina.

Tarehe saba Desemba ilikuwa Jumamosi kama leo, kesho yake sikukuu ya Bikira Maria. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Bibi yako alikuja kwenye lori la maharage, akalala Matai njiani, akafika hospitali akiwa na tope hadi magotini na kitenge chake cha Jumapili amekivaa juu ya kile cha safari. Alikuwa na kuku. Kuku wa daktari. Alikuja moja kwa moja dirishani kwangu akiwa anacheka, anajisifu mbele ya wagonjwa wengine kwamba amefika mapema, hata saa mbili haijagonga, wasije wakasema mama wa mwenye kompyuta hana adabu ya saa. Niliona anageuza kichwa chote kunitafuta, kama kuku anavyofanya. Mwezi wa nne alikuwa hageuzi hivyo.

Nilimtoa nje nikamkalisha chini ya ukuta. Nilimwambia daktari alishaondoka.

Aliuliza, "Nimechelewa?"

Pale, mwanangu. Wakati ule hapakuwa na Sista wala daktari, tulikuwa sisi wawili na kuku. Hakuna ambaye angenifukuza kazi kwa kumwambia mama yangu ukweli nyuma ya ukuta.

"Umechelewa, mama," nikasema. "Cheti kilisomwa vibaya."

Akasema ni ujinga wake, angekuja kuniuliza mapema badala ya kumtegemea katekista. Akanishika bega, akaniambia nisisikitike. Yule kuku tulimla siku ya sikukuu. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulipewa paja.

Hakurudi tena Mwimbi. Julai iliyofuata daktari alimtazama macho akatikisa kichwa, na Mama Skola akanitafsiria maneno ambayo nilikuwa nimeshayajua. Mwaka huo vyeti vyangu viliandikwa siku, mwezi kwa jina, na chini yake "wiki ya Saba Saba". Vilikuwa vimepinda kila upande. Sista alivisifu sana.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimshika mkono. Kwenda kanisani, kwenda chooni, kwenda kuota jua ukutani miezi ya baridi. Ulipofaulu darasa la saba, ulikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kuanza sekondari kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kubaki naye, mimi nikiwa kazini na baba yako Muze. Sikukuomba ukae. Uliona mwenyewe. Na siku ile ulipochoka, ukiwa na miaka kumi na mitatu, ulimwuliza bibi yako kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako: kwa nini hukuja siku uliyoambiwa, ungekuwa unaona, na mimi ningekuwa shule. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kila neno. Nilisikia na jibu lake: nilichelewa, mjukuu wangu, nilichelewa, uniombee. Najua umekuwa ukijutia maneno yale tangu tulipomzika, nimekuona. Acha kuyajutia. Uliuliza swali la haki, ila ulimwuliza asiye na jibu, na mwenye jibu alikuwa anakoroga uji.

Baba yako hajui. Ukitaka kumwambia, mwambie, sitakulaumu. Mama Skola amestaafu, yuko kwao Matai, na nimepanga kwenda kwake wiki ijayo nimweleze kabla sijamweleza Sista aliyepo sasa. Kama watanitoa kazini tutarudi kwenye maharage, na wewe usiache masomo kwa ajili hiyo, umeshajinyima vya kutosha kwa ajili yetu kwa kukaa nyumbani. Sina hakika kama nitakuwa na ujasiri nikifika mlangoni kwa Mama Skola. Milango imenishinda mara nyingi. Ila nikishakupa barua hii mkononi, nitakuwa nimeanza na mtu mmoja.

Huko utakosea. Kila anayeandika programu hukosea, na makosa mengi ni madogo kama langu lilivyokuwa mpaka Jumatano ile saa nne asubuhi. Lilikuwa kosa la mstari mmoja. Kama ningelisema saa hiyo, Sista angenikaripia, redio ingeita, na watu wangefika hata kwa kutembea usiku kucha. Sema saa hiyo hiyo, mama. Baada ya hapo maneno yanakuwa mazito kila siku, mpaka inafika siku huwezi kuyainua hata ukiombwa.

Mimi niliifikia siku hiyo, na hili ndilo la mwisho ninalokuandikia.

Wiki ile aliyokufa bibi yako, padre alikuja kumpa mpako wa wagonjwa. Wewe ulikuwa umekwenda bombani. Padre alipomaliza alitoka sebuleni kunywa chai, nikabaki naye chumbani. Alipapasa shuka mpaka akaupata mkono wangu. Alisema anataka kuondoka mwepesi, ameshamwambia padre dhambi zake zote, imebaki moja ambayo padre hawezi kumwondolea kwa sababu alinikosea mimi. Alisema kwa Kifipa, polepole, akipumzika katikati. Kwamba kwa uzembe wake wa kuchelewa alipoteza macho, akaja kunilemea katika nyumba yangu, akamlia mjukuu wake mwaka mzima wa shule. Kwamba katika miaka yote hiyo sikumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Macho yake yalikuwa yameelekea ukutani, kando kidogo ya uso wangu. Nilisikia kikombe cha padre kinawekwa kwenye sahani. Maneno yote niliyokuandikia leo yalikuwepo, yamejaa kinywani, na alikuwa amebakiwa na pumzi za kutosha kuyasikiliza.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."

Akanishukuru.

Mama yako